Haya ya Baba

Kaka yangu Amukoya alipiga simu kutoka Nakuru
usiku, mvua ikipiga mabati,
akasema kuna mtu anataka kiwanja chetu cha Luanda,
mashine ya kusaga, kibanda na mparachichi wake,
ana pesa taslimu, hataki maneno mengi.
Baba akasikiliza, simu kaishika mbali na sikio
kama kitu kinachovuja.
Akasema: haya.

Halafu tena, haya basi.
Halafu haya, haya, haya,
kama watu wafanyavyo simu ikifika mwisho,
kila mmoja akingoja mwenzake akate.

Mimi ndiye mwandishi wa daftari la madeni.
Nimekaa kando ya mashine ile tangu darasa la sita,
nikisikia neno hilo likisagwa pamoja na mahindi
mpaka punje zake sizijui tena.
Mama Apindi akiomba apunguziwe shilingi kumi: haya, lete debe.
Mkanda ukikatika, ukashonwa, ukavutwa: haya!
na mashine inaitikia kwa kifua chote.
Mtoto akimwaga unga na kuapa si yeye: haaaya,
ndefu, jicho moja limefumbwa,
na hiyo si ndiyo hata kidogo,
hiyo ni fimbo inayotafutwa.
Na siku daktari wa Kisumu alipotueleza habari za mama,
kwa upole, akizungusha kalamu vidoleni,
baba alikunja karatasi mara nne,
akasema haya,
akauliza choo kiko wapi.

Kuna haya nyingine, ya macho chini,
ile asiyokuwa nayo Otiato wa bucha,
aliyekopa gorogoro tatu mwezi wa Machi
na bado ananisalimia kwa kicheko.
Zimefanana kama mapacha wa jirani.
Baba akiinamisha kichwa
sijui ni ipi kati yao imebisha hodi.

Jumamosi Amukoya akashuka na mnunuzi,
mtu wa koti la bluu,
kamba ya kupimia imetuna mfukoni.
Baba alikubali, akasema kaka.
Alikubali nini?
Alisema haya!
Haya si ndiyo.
Ni nini basi?

Nikafungua daftari
kana kwamba jibu limeandikwa humo,
kati ya Andeso kilo mbili na Ayuma nusu.
Nikajaribu: haya ni mlango uliorudishwa tu,
haujafungwa.
Kaka akacheka. Mshairi wa pumba.
Nikajaribu tena: ni kusema nimekusikia,
sasa niache nipumue.
Mnunuzi akatazama saa.
Basi aulizwe mwenyewe, akasema, mbele yetu sote.

Baba alikuwa na unga mpaka kwenye nyusi.
Mzee, unauza?
Akatutazama, Amukoya kwanza, kwa muda mrefu,
kama anayetafuta kovu analolijua.
Kisha akavuta gunia lililoegemea mguu wa mgeni.
Mahindi haya, akasema, ni ya nani?
Ya Mama Apindi.
Haya.
Akainua swichi.

Hatukusikiana tena.
Mdomo wa kaka ulifunguka na kufumba.
Koti la bluu likaanza mvi mabegani,
mwenye koti akasema kitu, nadhani aliaga.
Unga ukatoka wa moto;
baba akaupokea kiganjani, akausugua kwa kidole gumba,
akaniashiria niandike: kilo sita, amelipa.

Usiku Amukoya akapiga. Nimefika.
Nyuma yake nilisikia makanga wakiita abiria wa mwisho.
Haya, nikamwambia.
Haya.
Haya basi.
Mvua ilikuwa imeanza tena huku,
sijui kama na kwake.
Hakuna aliyekata.